Tarehe Tatu za Kupanda Kitani Dagoretti: Uchambuzi wa Kisa cha Shamba Moja

Mwanzoni mwa Aprili 2025, mnunuzi mmoja jijini Nairobi, ambaye kazi yake ni kukamua mafuta ya mbegu za kitani (flax) na kuyauza kwa chupa ndogo, alikataa kupokea mzigo uliotoka katika shamba la familia moja la Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji, karibu na mpaka wa Kaunti ya Kiambu. Mbegu zilikuwa zimefifia rangi, baadhi zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu, na ukizisogeza karibu na pua zilitoa harufu ya uvundo. Mnunuzi huyohuyo alikuwa amepokea mzigo wa mwishoni mwa Agosti 2024 na ule wa Septemba kutoka shamba hilohilo bila kuuliza swali. Mbegu zilizopandwa zilikuwa za mfuko wa aina moja na waliopalilia walikuwa walewale. Tofauti kubwa ilikuwa tarehe ya kupanda, na mama mwenye shamba aliniomba tukae naye tuipitie misimu yote mitatu ili ajue kama zao hili linafaa kuendelea kupewa nafasi au la.

Jibu langu kwake lilikuwa kwamba zao linafaa, lakini kalenda aliyoitumia haikuwa ya kitani. Katika nyanda za Nairobi, tarehe ya kupanda kitani haitoshi kuamuliwa kwa kungoja mvua ianze, kama tulivyozoea kwa mahindi na maharagwe. Inatakiwa ipatikane kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka vipindi viwili, kile ambacho mbegu inajaa na kile ambacho mbegu inakauka. Kisa cha shamba hili kinaonyesha jambo hilo kwa uwazi ambao ni nadra kuupata, kwa sababu tarehe zote tatu zilikosea au kupatia mahali tofauti.

Shamba, mbegu na mvua

Kitani kilipandwa katika vipande vitatu vinavyopakana, kila kimoja kama robo ekari. Udongo ni ule mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri, ambao wakulima wa Kabete na Kikuyu wanaujua sana, na mwinuko ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo ni jambo la msingi. Kitani ni zao la mahali pa baridi. Ethiopia, ambayo imekilima tangu kale kuliko nchi nyingi za Afrika, hukilima kwenye nyanda zake za juu, na mtu akijaribu kukipanda Machakos chini au Kajiado tambarare kwa sababu tu kimefanya vizuri Dagoretti, atapata matokeo mengine kabisa.

Mbegu zilinunuliwa katika duka la viungo Ngara, zikiwa mbegu za kahawia za kuliwa, zile ambazo Wakenya wenye asili ya Kihindi huzinunua kwa jina la alsi. Familia ilizijaribu kwanza kwa kuziotesha, zikaota vizuri, ndipo wakazipanda. Sishauri mtu kuifanya njia hiyo kuwa desturi, kwa kuwa mbegu za kuliwa hazina maelezo ya aina wala ya uwezo wake wa kustahimili mnyauko, ugonjwa wa fangasi unaoweza kukaa udongoni miaka mingi na kuliharibu shamba lote. Na anayetaka kuagiza mbegu za kupanda kutoka nje ya nchi anapaswa kwanza kupata kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Kwa uchambuzi huu, hata hivyo, kuna faida moja katika ununuzi ule: mfuko ulionyesha kwamba mbegu zilitoka Kanada, na habari hiyo ndiyo iliyonifungulia nusu ya fumbo.

Kuhusu mvua, msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo marefu. Masika, ambayo wazee wa Kikuyu huyaita mvua ya njahi, huanza kati ya katikati na mwisho wa Machi, hufikia kilele Aprili na kufifia mwishoni mwa Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi, ya mawingu mazito na manyunyu mepesi ya asubuhi, ambapo mvua inayopimika ni kidogo sana. Vuli huanza Oktoba, kilele chake ni Novemba, na hukatika Desemba. Januari na Februari ni kavu na ndiyo miezi ya joto zaidi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako Dagoretti Corner, kwa mwendo mfupi tu kutoka shambani hapo, hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na mama mwenye shamba alikuwa akiufuatilia redioni.

Vipande vitatu

Kipande cha kwanza kilipandwa wiki ya mwisho ya Machi 2024, mara tu mvua ilipokuwa imelowesha udongo kiasi cha kina cha kiganja. Mistari ilichorwa kwa ncha ya jembe, mbegu zikamwagwa kwa vidole na kufunikwa kwa udongo mwembamba, kina cha sentimita mbili hadi tatu, ambacho ndicho kinachofaa kwa mbegu ndogo kama hii. Miche ilichomoza ndani ya wiki moja. Ilipofika wiki ya mwisho ya Aprili, mvua ziliporuka mipaka na Nairobi ikafurika kwa namna ambayo wakazi wa Mathare na wa kandokando ya mito hawataisahau, miche hii ilikuwa na takriban mwezi mmoja, mizizi imekwisha kushika, na hasara ikawa pale chini tu, kwenye pembe ambayo maji yalituama siku kadhaa. Kitani hakivumilii miguu kukaa majini, na pembe ile iligeuka njano na kufa. Sehemu iliyobaki ilitoa maua ya kwanza mapema Juni, ikaendelea kuchanua karibu wiki tatu, ikajaza mbegu kipindi chote cha baridi, na ikavunwa katikati ya Agosti.

Kipande cha pili kilikuwa kipandwe wakati mmoja na cha kwanza, lakini mbegu zilikwisha, na pesa zilizokuwapo zilikwenda kwanza kwa karo. Mbegu zilipopatikana ilikuwa wiki ya tatu ya Aprili. Siku chache baada ya kufukiwa, mvua kubwa ilipiga udongo uliokuwa umelainishwa, kisha jua la siku mbili likaufanya uso wa ardhi ujifunge ukoko. Mche wa kitani ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Hauna nguvu ya kupasua ukoko kama maharagwe yanavyoweza. Mahali pengi mistari ilitoka na mapengo, na ndani ya mapengo hayo kishona nguo na kongwe vikaota vikiwa vya kwanza. Palizi haikuwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa tope. Kufikia Julai, mimea iliyosalimika ilikuwa mifupi, yenye matawi machache, ikichanua katika udongo ambao haukuwa ukiongezewa maji tena. Ilikomaa mwanzoni mwa Septemba, katika siku kavu na za jua, na mavuno yake yalikuwa takriban nusu ya yale ya kipande cha kwanza.

Kipande cha tatu kilikuwa na viazi hadi mwisho wa Oktoba. Familia ilivuna viazi, ikasafisha, ikapanda kitani katikati ya Novemba. Hesabu yao ilikuwa na mantiki: wamesoma kwenye intaneti kwamba kitani hukomaa kwa siku 100 hivi, na siku 100 kutoka katikati ya Novemba zinafika katika wiki ya mwisho ya Februari, wakati ambapo Nairobi ni kavu kuliko wakati mwingine wowote unaofaa kuvuna. Miche ilianza vizuri sana, kwa kuwa Novemba ilikuwa na mvua. Maua yalitoka katikati ya Januari. Februari ilipokwisha, vifuko vya mbegu vilikuwa bado kijani. Mimea ilikomaa wiki ya tatu ya Machi, na mvua za kwanza za masika zikaikuta imesimama shambani ikingoja kung'olewa.

Siku mia za Kanada na siku zaidi ya mia za Nairobi

Hapa ndipo asili ya mbegu inapopata uzito. Katika mbuga za Kanada, kitani hupandwa Mei na hukua kuelekea Juni, wakati mwanga wa mchana unafika saa 16 na zaidi. Kitani ni mmea unaoharakishwa kuchanua na siku ndefu. Huko, kutoka kupanda hadi kuanza kuchanua ni kati ya siku 45 na 60, kuchanua huchukua siku 15 hadi 25, na kukomaa kwa mbegu siku 30 hadi 40. Nairobi iko digrii moja na sehemu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 na dakika chache, Juni hata Desemba. Mbegu iliyochaguliwa kwa vizazi vingi chini ya mchana mrefu, ikiletwa katika mchana wa saa 12, haikosi kuchanua, ila huchelewa. Ukiongeza baridi ya usiku wa Dagoretti, ambayo hupunguza kasi ya ukuaji, kipindi cha kutoka kupanda hadi kuvuna kinarefuka tena. Kipande cha kwanza kilichukua karibu miezi minne na nusu. Kipande cha tatu, kilichokua katika joto la Desemba hadi Februari, kilikwenda haraka zaidi lakini bado kikazidi miezi minne.

Kwa hiyo kosa la Novemba halikuwa la kutokuwa na mpango. Lilikuwa la kuazima idadi ya siku kutoka mahali ambapo jua halifanyi kazi kama hapa. Ninalisisitiza kwa sababu nimeona ushauri mwingi wa kilimo ukinakiliwa kutoka kurasa za Kanada, Ufaransa na Marekani na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wetu bila mtu kuuliza siku hizo zilihesabiwa chini ya anga gani. Maneno "panda mapema" yenyewe ni ya kweli huko na ya kweli hapa, lakini sababu ni tofauti. Huko, anayechelewa kupanda husukumwa na siku zinazorefuka na joto linalopanda, mmea unachanua kabla haujajenga mwili, na mwisho wa msimu unakabiliwa na baridi kali ya barafu. Hapa mchana haubadiliki na barafu si tishio la kawaida Dagoretti. Kinachobadilika kutoka tarehe moja hadi nyingine ni maji yaliyomo udongoni na joto la wiki ambazo mbegu inajaa. Mkulima akiijua sababu, ataweza kusogeza tarehe yake mwaka ambao masika yamechelewa. Akijua kanuni tupu, atabaki akiifuata hata mwaka ambao haifai.

Mavuno yanapotengenezwa

Mavuno ya kitani hujengwa kwa hatua, na kila hatua ina msimu wake wa kuharibika. Kwanza ni idadi ya mimea inayosimama. Pili ni idadi ya matawi na vifuko vya mbegu kwa kila mmea. Tatu ni idadi ya mbegu ndani ya kifuko, ambazo haziwezi kuzidi kumi hata hali iwe nzuri namna gani. Nne ni uzito wa mbegu moja moja.

Kipande cha pili kilipoteza katika hatua ya kwanza na ya pili, na kidogo katika ya nne. Kitani kinaweza kufidia mapengo kwa kutoa matawi chini ya shina, lakini kinafanya hivyo tu kama kina maji na nafasi, na katika kisa hiki nafasi ilichukuliwa na magugu na maji yalikuwa yameanza kupungua. Tulihesabu mbegu elfu moja kutoka kila mzigo juu ya sinia jeupe, tukazipima kwenye mizani ndogo ya gramu ambayo binti wa nyumba hiyo huitumia kupimia viungo vya keki. Mbegu elfu moja za kitani cha kahawia kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya gramu 5 na 7. Za kipande cha kwanza ziliingia ndani ya kiwango hicho bila shida. Za kipande cha pili zilikuwa chini yake. Kazi hiyo inachosha macho, na mtu asiyekuwa mvumilivu ataachia njiani, lakini ni kipimo ambacho mkulima yeyote anaweza kukifanya mezani kwake, na kinamwambia mambo ambayo gunia zima haliwezi kumwambia.

Kipande cha tatu kilianza na idadi nzuri ya mimea, nzuri hata kuliko ya kwanza, kwa kuwa mvua ya Novemba ilikuwa ya kiasi na udongo haukufunga ukoko. Hasara yake ilikuwa katika kuchanua. Ua la kitani hufunguka asubuhi na kuangusha petali zake za buluu kabla ya alasiri, siku hiyohiyo, na linajichavusha lenyewe. Kila ua lina asubuhi moja tu ya kufanikiwa. Joto kali na ukavu wakati huo hupunguza maua yanayoshika. Tulipovunja vifuko vya kipande cha tatu kwa kucha, tulikuta vingi vikiwa na mbegu chache na makapi mepesi mahali pa zile nyingine.

Ubora: mambo matatu ambayo watu huyachanganya

Ubishi mkubwa kati yangu na mama mwenye shamba ulikuwa juu ya kipande cha pili. Alileta viganja viwili vya mbegu, cha Agosti na cha Septemba, akavimwaga juu ya turubai mlangoni penye mwanga.

"Mwalimu, hizi za pili ndizo zinazong'aa," akasema. "Mbona unaniambia za kwanza ndizo bora?"

Alikuwa sahihi kuhusu macho. Mbegu za Septemba zilikuwa laini, za kahawia iliyoiva, zikiteleza kati ya vidole kama zimepakwa mafuta, ilhali za Agosti zilikuwa na rangi iliyopungua ung'avu kidogo. Sababu ni kuvunia: Agosti ya Dagoretti ni ya ukungu, na mimea iliyong'olewa ilibidi isimamishwe kwa mafungu chini ya kibanda siku nyingi kabla ya kupurwa. Ganda la mbegu ya kitani lina utomvu ambao ukipata unyevu huvimba na kunata, na hata ukikauka tena hauachi ganda likiwa kama lilivyokuwa. Mbegu za Septemba hazikupata unyevu wowote tangu zilipokomaa.

Ung'avu, hata hivyo, ni ubora mmoja tu. Mnunuzi anayekamua mafuta hununua mafuta, na mafuta ni takriban asilimia 40 ya uzito wa mbegu iliyojaa vizuri. Mbegu ndogo ina ganda jingi kulinganisha na kiini chake, kwa hiyo gunia la mbegu ndogo zinazong'aa linaweza kutoa mafuta machache kuliko gunia la mbegu kubwa zilizofifia kidogo. Mnunuzi alipoulizwa alithibitisha kwamba mzigo wa Septemba ulikuwa umemwachia mashudu mengi, ingawa hakuwa amelalamika wakati ule.

Ubora wa tatu hauonekani kwa jicho wala kwa mizani, nao ni muundo wa mafuta yenyewe. Wanaonunua mafuta ya kitani Parklands, Westlands na kwingineko wanayanunua kwa ajili ya asidi ya alfa-linoleniki, ile omega-3 ya mimea, ambayo kwa kawaida huwa zaidi ya nusu ya mafuta yote. Kiasi chake hutegemea sana baridi ya wiki zinazofuata kuchanua. Mbegu inapojaa katika baridi, vimeng'enya vinavyogeuza asidi ya oleiki kuwa linoleiki na kisha linoleniki hufanya kazi kwa wingi zaidi. Katika joto, kazi hiyo hupungua na asidi ya oleiki hubaki nyingi. Julai ya Nairobi ina mchana wa nyuzijoto 22 hivi, na Februari hufika 27 au 28. Kwa misingi hiyo, vipande viwili vya masika vilijaza mbegu katika kipindi kizuri kuliko vyote ambavyo anga yetu inaweza kutoa, na cha tatu kikajaza katika kibaya kuliko vyote. Mafuta hayakupimwa maabara, kwa hiyo siwezi kuweka tarakimu hapa, lakini kama familia itauza kwa wanaojali omega-3, kipimo hicho kinastahili gharama yake.

Mzigo wa Machi uliharibika kwa njia ambayo haihitaji maabara. Mvua ilipoingia katika vifuko vilivyokauka, utomvu wa ganda ulivimba, mbegu zikashikana, na baadhi zikaanza kuota zikiwa bado ndani ya kifuko. Mbegu iliyoanza kuota huanza kuyavunja mafuta yake yenyewe ili ijilishe, na asidi huru zinazotokana na hilo ndizo zinazoyafanya mafuta yaanze kuchacha upesi. Familia ilipura na kuhifadhi haraka kwa hofu ya mvua nyingine, mbegu zikaingia guniani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 10, ambacho ndicho kiwango cha kuhifadhia kitani kwa usalama. Uvundo ulioonekana Aprili ulianzia hapo.

Yanayotia shaka

Haitakuwa haki kuibebesha tarehe mzigo wote. Vipande hivi havikuwa jaribio lililopangwa. Kipande cha tatu kilitanguliwa na viazi vilivyotiwa samadi nyingi, na mabaki ya samadi yanaweza kuwa yaliongeza majani na kuchelewesha ukomavu kwa siku kadhaa. Kipande cha kwanza kilipaliliwa mapema kwa sababu tu kilikuwa na miche mikubwa wakati ardhi ilipokanyagika. Aprili 2024 haikuwa Aprili ya kawaida; katika mwaka wa mvua tulivu, kipande cha pili kingepata mimea mingi zaidi, na pengo kati yake na cha kwanza lingekuwa dogo. Ninaamini tungeliona bado, kwa kuwa ukavu wa Julai haukutokana na mafuriko, lakini ukubwa wake ungekuwa mwingine.

Familia iliuliza pia kama mabua yanaweza kuuzwa kwa nyuzi. Kwa mbegu za aina hii na upandaji huu, jibu ni hapana. Kitani cha nyuzi hupandwa kwa msongamano mkubwa zaidi ili kisitoe matawi, na hung'olewa mapema, mbegu zikiwa hazijakomaa vizuri. Walowezi waliojaribu biashara hiyo katika nyanda za juu za Kenya baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliingia bei ikiwa juu sana na ikawaporomokea mwaka 1921. Nilichoweza kuwaambia ni kwamba mabua ya kipande cha kwanza yalikuwa marefu na yaliyonyooka, na ya cha pili mafupi, na kwa yeyote atakayefikiria nyuzi baadaye, kuchelewa kupanda kutamgharimu urefu wa uzi kabla hakujamgharimu chochote kingine.

Kalenda iliyokubaliwa

Tulipokaa kupanga, tulianzia mwisho. Kwa masika, dirisha la kuvuna lililo bora ni kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, baada ya ukungu kupungua na kabla ya vuli. Ukirudi nyuma miezi minne na nusu unafika katikati ya Aprili, ambako ni kilele cha mvua na hatari ya ukoko, na mimea itakayotoka hapo itachanua ikiwa imeishiwa maji. Kuna mgongano kati ya tarehe inayokausha mbegu vizuri na tarehe inayozijaza vizuri, na katika mgongano huo nilishauri kujaza kupewe kipaumbele: panda katika siku kumi za mwisho za Machi, udongo ukishalowa, na tafuta namna ya kukausha Agosti. Mbegu isiyojaa haina tiba, lakini mmea uliokomaa katika ukungu unaweza kuokolewa kwa kibanda chenye paa la karatasi ya plastiki, pande zikiwa wazi kwa upepo. Gharama yake ni ndogo kuliko nusu ya mavuno.

Kwa vuli, hesabu ni ngumu zaidi. Mimea inatakiwa iwe imevunwa kabla ya wiki ya kwanza ya Machi, na iwe imechanua mvua za Desemba zikiwa bado zinaacha unyevu udongoni. Hilo linaelekeza kwenye nusu ya kwanza ya Oktoba, hata kama ni kupanda katika udongo mkavu siku chache kabla ya mvua, kwa kuzingatia utabiri. Ikipita tarehe 25 Oktoba bila mbegu kuingia ardhini, kipande hicho kipewe maharagwe na kitani kingoje Machi. Mama mwenye shamba alipinga kwamba viazi havitakuwa vimetoka, na alikuwa na hoja. Ndiyo maana kitani cha vuli kitahamia kipande ambacho hakina viazi, na hakitazidi robo ekari hadi kipimo cha mafuta kitakapoonyesha kama joto la Januari limeyapunguza kiasi cha kumsumbua mnunuzi.

Kuhusu ukomavu, walikubali kuacha kuhesabu siku na kutumia sikio na jicho. Vifuko vitatu kati ya vinne vikiwa vya kahawia, na bua likitikiswa karibu na sikio mbegu zikilia ndani, kipande kiko tayari. Kungoja zaidi ya hapo katika mwezi wenye wingu la mvua ni kuhatarisha.

Mbegu za kupanda msimu ujao zitatoka kipande cha kwanza pekee. Za kipande cha tatu, hata zile chache zilizoonekana nzima, tulizifunika kwa karatasi nyevu juu ya sahani pamoja na za kwanza, idadi sawa. Siku ya tano, sahani ya mbegu za Agosti ilikuwa imejaa vichipukizi. Ile ya Machi ilikuwa na vichache, na mbegu nyingi zilikuwa zimegeuka ute.